Babu wa Manowari: Kisa cha Medali Isiyo na Jina

Familia moja ya Kikwajuni, Unguja, ilitaka kuandika habari za babu yao aliyefariki katikati ya miaka ya 1970. Si kitabu. Ni kurasa chache za kutia kwenye daftari la ukoo, zisomwe siku ya hitma yake mbele ya vitukuu ambao hawakumwona. Kazi alipewa mjukuu mmoja wa kike, mwalimu wa skuli ya msingi, na wakubwa wake wakamwambia aanze hivi: babu alikuwa mwanamaji kwenye manowari ya Muingereza, manowari ikapigwa na Mjerumani hapa hapa bandarini, watu wakafa wengi, yeye akaogelea mpaka Chapwani akaokoka.

Mwalimu akaniletea maneno hayo kwa kuwa nilisomesha historia, na watu wa mitaa hii wamezoea kuniletea makaratasi ya wazee wao. Familia imeniruhusu niandike jinsi tulivyoyafumua, kwa sharti kwamba jina la mtu halitajwi. Nimekubali kwa sababu kisa hiki kimo katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba: kila ukoo wenye mtu aliyekwenda melini wakati wa vita una medali mahali fulani, na una hadithi iliyokwenda mbali kuliko medali.

Vitu vilivyosalia vilikuwa vichache. Kwenye kijaluba cha shangazi mlikuwa na medali moja ya rangi ya fedha, utepe wake umeliwa na mende. Kulikuwa na picha ya kijana aliyevaa sare nyeupe na kofia ya kibaharia. Na kulikuwa na msahafu ambao kwenye kurasa tupu za mwisho marehemu aliandika kwa mkono wake tarehe za kuzaliwa watoto wake. Karatasi ya kuachishwa kazi ilikuwapo zamani. Bibi aliichoma pamoja na makaratasi mengine yenye nembo ya mfalme, wiki za mwanzo baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Hakuamriwa na mtu. Aliogopa tu, kama walivyoogopa wengi waliokuwa na vitu vya serikali iliyoondoka, na medali ilisalimika kwa kuwa watoto walikuwa wakiichezea uani na siku hiyo haikuonekana. Karatasi ile ingemaliza maneno yote kwa mstari mmoja: jina, namba, cheo, chombo, tarehe. Bila hiyo ilibidi tuzunguke.

Manowari ya 1914

Manowari iliyopigwa bandarini Unguja inajulikana. Ni HMS Pegasus. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga mbele ya Mji, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo, haiwezi kuondoka hata kama ingetaka. Manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilitoka kwenye delta ya Rufiji ikaja kuipiga ikiwa mbali. Pegasus ilikuwa na mizinga 8 ya inchi 4. Königsberg ilikuwa na 10 ya sentimita 10.5, na hiyo ilifika mbali zaidi, kwa hiyo Muingereza alipojibu, risasi zake zilikuwa zikianguka majini njiani. Haikuchukua saa. Wanamaji zaidi ya 30 walikufa, majeruhi wakawa wengi zaidi ya hao, na Pegasus ikazama siku hiyo hiyo. Makaburi yao yako Chapwani, kisiwa ambacho Waingereza wenyewe walikiita Kisiwa cha Makaburi, jirani na Changuu. Königsberg nayo ilizibiwa njia huko Rufiji ikaharibiwa tarehe 11 Julai 1915 na manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Mizinga ya manowari zote mbili, ya aliyepiga na ya aliyepigwa, utaikuta leo Fort Jesus, Mombasa.

Kwa hiyo hadithi ya familia ina mahali, ina Mjerumani, ina Chapwani, ina maiti. Kilichokosekana ni umri.

Msahafu unasema mtoto wa kwanza wa marehemu alizaliwa mwezi wa Shaaban mwaka 1365, ambao ni Julai 1946. Mtoto huyo ndiye shangazi mwenyewe. Mtu aliyekuwa mwanamaji mtu mzima mwaka 1914 angepata mtoto wa kwanza akiwa amepita miaka 50, na angekufa na miaka 80 na kitu. Hakuna aliyemjua marehemu aliyekubali hesabu hiyo. Wote wanamkumbuka akienda shamba kwa baiskeli hadi mwaka wa mwisho wa uhai wake. Tena shangazi anakumbuka baba yake akisema kwamba alipokuwa mtoto wa chuoni walikuwa wakitoroka kwenda Mnazi Mmoja kutazama mafundi wakijenga Jumba la Amani. Jumba hilo, makumbusho yetu ya Beit el Amani, lilifunguliwa mwaka 1925. Mtoto wa kutoroka chuo ana miaka sita, saba, labda tisa. Basi marehemu alizaliwa kati ya 1915 na 1919, na Pegasus ilipozama yeye alikuwa hajaja duniani.

(Jumba la Amani lilijengwa kuwa ukumbusho wa mwisho wa Vita vya Kwanza. Watu wanapita mbele yake kila siku wakienda Mnazi Mmoja hospitali, na sidhani mmoja katika mia anajua kwamba anapita mbele ya mnara wa vita.)

Hapo mwalimu alikata tamaa kidogo, akaona wazee wamemdanganya. Nikamwambia asubiri. Uongo wa makusudi ni nadra katika mambo haya. Mara nyingi hadithi ni ya kweli ila mwenyewe ni mwingine. Tukarudi kwa shangazi, na safari hii hatukumuuliza baba yako alifanya nini. Tulimuuliza: ulisikia wapi, nani alikuwa anasema, na yeye alianzaje?

Jibu lake lilifungua kila kitu. Alisikia kwa baba yake, wakiwa wamekaa ukutani Forodhani jioni, yeye mtoto wa miaka minane au tisa. Baba alinyoosha mkono upande wa Chapwani akasema: "Baba alipiga kasia mpaka pale, manowari inawaka, watu wanaelea." Baba. Marehemu alikuwa akisimulia habari za baba yake, mpiga makasia wa bandarini, ambaye asubuhi ile ya 1914 yeye na wenzake walikwenda na mashua zao kuwatoa majeruhi. Binti alipokuwa mtu mzima akawasimulia wanawe na watoto wa kaka zake kwa maneno yale yale aliyoyasikia: baba alikwenda, baba aliona. Wao wakaelewa baba yake. Hapo mpiga makasia akapotea, na mwanawe akavishwa miaka isiyokuwa yake. Kuogelea sijui kuliingia lini, labda mtoto fulani aliuliza, "Kisha akafanyaje?" na mtu akamjibu.

Kwa maoni yangu hili ndilo pato kubwa la kazi yote, kuliko lolote tulilolipata baadaye kuhusu marehemu mwenyewe. Ukoo ulikuwa na watu wawili wa bahari na umewafanya mmoja. Mpiga makasia hana medali, hana picha, hana kaburi linalojulikana; jambo pekee alilowaachia wajukuu wake ni asubuhi ile moja, na hata hiyo akawa amenyang'anywa.

Medali na picha

Baada ya kumwondoa Pegasus, marehemu alibaki na nini? Medali kwanza.

Familia iliamini ni ya fedha safi, na mwaka mmoja wa shida waliipeleka kwa sonara Darajani. Sonara akawarudishia akasema si fedha. Alisema kweli. Ni Medali ya Vita ya 1939–1945, mchanganyiko wa shaba na nikeli. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George VI mwenye taji. Upande wa pili simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, na miaka 1939 na 1945. Watoto wa nyumba ile waliita "simba na nyoka", na hawakukosea sana.

Medali hii inasema jambo moja kwa uhakika na inanyamaza kwa mengine yote. Inasema vita ni vya pili. Ilitolewa kwa mtu aliyetumikia angalau siku 28 kati ya Septemba 1939 na Septemba 1945. Kwa baharia wa meli za biashara siku hizo zilipaswa ziwe za baharini. Mpishi wa kambini aliipata, rubani aliipata, askari wa King's African Rifles aliipata, mwanamaji aliipata. Haisemi jeshi gani. Na haisemi nani, kwa sababu medali za Vita vya Pili serikali ya Uingereza ilizitoa tupu, bila jina. Zile za Vita vya Kwanza zilichongwa ukingoni jina na namba ya mwenyewe, na katika vita vya pili Afrika Kusini na Australia waliendelea kuchonga za watu wao. Ya huyu wa Kikwajuni ina ukingo laini kama sarafu. Ikiwa kesho itaangukia dukani Mji Mkongwe kwa mtalii, haiwezekani tena kuirudisha kwa mwenyewe. Wenye medali za namna hii naomba waandike kikaratasi leo, jina na uhusiano, wakitie humo humo kijalubani.

Nyota hakuna, yaani zile medali nyingine za vita zenye umbo la nyota. Wanamaji waliokaa miezi sita baharini kwenye maeneo ya vita walistahiki Nyota ya 1939–1945, na waliofika sehemu maalumu walistahiki nyota nyingine juu yake. Kutokuwapo kwa nyota kunaweza kumaanisha kwamba marehemu hakukaa baharini muda huo, au aliipata ikapotea, au hakuwahi kuifuatilia. Mwalimu alitaka nichague. Sikuchagua.

Picha ina maneno zaidi. Ni ya studio, ina pazia la kuchorwa nyuma, na mhuri wa nyuma umefutika isipokuwa neno moja: Mombasa. Utepe wa kofia una herufi tatu tu, H.M.S., na familia ilidhani jina la manowari limefutika kwa uzee wa picha. Halikufutika. Wakati wa vita Jeshi la Majini la Uingereza liliondoa majina ya manowari kwenye tepe za kofia, ili adui asijue ni chombo gani kimefika bandari gani kwa kutazama tu vijana wanaotembea mjini. Utepe wenye H.M.S. peke yake ni alama ya miaka hiyo. Hii ni hoja nzuri kwamba picha ni ya wakati wa vita. Kwamba sare ni ya mpigwa picha, hiyo ni hoja dhaifu zaidi. Studio za pwani ziliweka makoti na saa za kuazima, na kijana kuazima kofia ya rafiki yake si jambo la ajabu. Lakini sare yote nyeupe, imemkaa mwilini, na viatu vyake? Mimi naegemea kwamba ni yake.

Mombasa nayo si jina la bure. Aprili 1942 manowari za Kijapani zilishambulia Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, na Muingereza akaona kundi lake la manowari la Mashariki haliko salama Ceylon, Sri Lanka ya leo. Admirali James Somerville akalihamishia Kilindini, bandari ya Mombasa. Kwa mwaka mzima na zaidi Mombasa ikawa kituo kikuu cha manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi. Hofu haikuwa ya kuwazwa: Juni na Julai 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha zaidi ya meli 20 za biashara katika Mlango wa Msumbiji, kusini yetu tu. Bandari namna hiyo inakula watu: wa mashua, wa makaa, wa kamba, wa kufagia mabomu ya majini, wa kukagua majahazi yanayoingia. Zanzibar, kama Kenya na Tanganyika, ilikuwa na kikosi chake cha wanamaji wa kujitolea, na vikosi hivyo vilifanya kazi pamoja pwani nzima. Kijana wa Unguja aliyezaliwa kwa mpiga makasia, anayejua maji, kuwa Mombasa mwaka 1942 au 1943 akiwa na kofia ya H.M.S. ni jambo la kutarajiwa kabisa.

Jamaa mmoja wa Kenya aliwaambia kwamba babu alikuwa katika Royal East African Navy. Hilo jina ni la miaka ya 1950. Jeshi hilo lilikuwa na makao Mombasa na likavunjwa mwaka 1962. Wakati huo marehemu alikuwa baba wa watoto, yuko Unguja, na kwa habari za ami wa mwalimu alikuwa akifanya kazi kwenye Al Hathera, stima ya serikali iliyokuwa ikienda Pemba. Tuliliacha.

Kishawishi

Katikati ya kazi mwalimu alinipigia simu usiku, sauti imejaa furaha. Alikuwa amesoma mtandaoni habari za Khedive Ismail.

Habari yenyewe ni nzito. Meli hiyo iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo katika msafara, ikiwa na watu zaidi ya 1,500: wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki karibu elfu moja, wanamaji wa Uingereza, na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili na meli ikazama katika muda usiofika dakika tatu. Watu karibu 1,300 walikufa. Walionusurika walizidi 200 kidogo tu. Manowari mbili zilizokuwa zikilinda msafara, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi ile mpaka zikaizamisha. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliopotea wameandikwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi.

Mwalimu aliona kila kipande kimekaa mahali pake: Mombasa ipo, meli kupigwa ipo, kuogelea kupo, wachache kuokoka kupo. Kilichobaki ni kubadilisha Mjerumani awe Mjapani na Chapwani iwe Maldivi.

Nilimkatalia, na nilimkatalia kwa ukali kuliko alivyotarajia. Kwanza, kuogelea tulikwisha kukuona kulikotoka. Hadithi iliyoazimwa kwa mpiga makasia haiwezi kugeuka kuwa ushahidi wa jambo la miaka 30 baadaye. Pili, wengi wa Waafrika katika meli ile walikuwa wapiga mizinga wa nchi kavu, na kitu pekee kinachotuonyesha marehemu amevaa nini ni kofia ya kibaharia. Tatu, msiba ule una orodha. Waliokufa wanajulikana kwa majina, walionusurika walihesabiwa. Kumtia mtu katika watu 200 waliookoka bila karatasi ni kudai nafasi kwenye mashua ya watu wengine. Kama marehemu alikuwamo kweli, jina lake litapatikana siku moja na tutaandika. Siku hiyo haijafika.

Nadhani hatari ya zama hizi iko hapa. Zamani hadithi za ukoo zilivimba polepole, kwa midomo, kizazi baada ya kizazi. Sasa mtu anaweza kuketi na simu yake, akatafuta msiba mkubwa unaofanana na alichosikia, na kabla ya alfajiri babu yake ana tarehe, ana meli, ana adui, na vyote vimeandikwa vizuri.

Jina lenyewe

Mwalimu alikuwa amekwisha kulitafuta jina la babu kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hakuliona, na ami akalichukua hilo kuwa ushahidi kwamba mzee hakuwa mwanajeshi. Si ushahidi wa lolote. Orodha ile ni ya waliokufa. Kwa Vita vya Pili inakomea mwisho wa 1947. Aliyekufa kitandani kwake Kikwajuni miaka ya 1970 hana sababu ya kuwamo. Na hata kwa waliokufa, tume hiyo ilikiri katika ripoti yake ya Aprili 2021 kwamba baada ya Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Pa kutafuta ni kwingine. Nyaraka za Taifa Kilimani zina mafaili ya serikali ya zamani na mafungu ya Gazeti Rasmi, na huko ndiko kwa kuanzia ikiwa alitumikia kupitia Zanzibar. Ikiwa alikuwa kwenye meli za biashara za Muingereza, kumbukumbu za mabaharia za kuanzia 1941 ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew. Ni nyumba mbili tofauti, na kosa la kawaida ni kwenda ya pili kwanza kwa sababu ina tovuti.

Tabu kubwa iko kwenye kuandikwa. Mzee wa Unguja ni fulani bin fulani bin fulani. Karani wa Kizungu alitaka jina la ukoo, na akishakosa anachukua lolote lililo mwisho. Khamis anakuwa Hamisi, Makame anakuwa Makami, jina la baba linakuwa jina la mtu, na la babu linaangushwa. Kwa hiyo nilimwambia mwalimu asitafute jina moja. Aandike kila sura ambayo sikio la mgeni lingeweza kulipa jina lile, na aziweke pamoja na jina la baba, la babu, na mtaa. Wapo pia waliojiandikisha kwa majina yasiyokuwa yao, kukimbia deni au baba mkali, na hao ni vigumu kuwapata mpaka jamaa mmoja afungue mdomo.

Ami na shangazi

Rasimu iliposomwa mara ya kwanza, mgogoro haukuwa juu ya tarehe. Ami, mwana wa pili wa marehemu, alisema hapendi jambo hili lisomwe kwenye hitma. Mzee alimtumikia mkoloni, akasema, na vita havikuwa vyake. Mnamsifu kwa lipi? Ndugu wa mwalimu anayeishi Uingereza akapendekeza kinyume chake: tarehe 11 Novemba, siku ambayo Waingereza huwakumbuka waliokufa vitani, wavae ua jekundu kama wavaavyo kule na wapige picha na medali. Shangazi akauliza ua la nini, na hapo kila mtu akasema lake.

Mimi si wa ukoo huo, lakini niliulizwa. Nilisema kwamba ami ana haki ya hoja yake ila amejibu swali ambalo hatukuliuliza. Daftari la ukoo linaandika mtu alifanya nini na alikuwa wapi. Halimpi nishani na halimhukumu. Ua la Novemba nalo ni desturi ya watu wenye misiba yao. Nyumba yenye hitma haina upungufu wa njia ya kumkumbuka maiti wake.

Shangazi ndiye aliyeituliza baraza, kwa maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeyafikiria. "Baba alikwenda kwa mshahara," alisema. "Burma ilipochukuliwa mchele haukuja. Watu walikula mhogo asubuhi na mhogo usiku. Yeye alikuwa na mama yake na wadogo zake." Yeye hakuyaona hayo, alizaliwa vita vimekwisha, lakini habari zenyewe ni sahihi. Unguja ilikula mchele wa kuletwa, na Burma ilipoanguka mikononi mwa Wajapani mwaka 1942 njia kubwa ya mchele huo ilikatika. Kijana wa miaka 25 anayejua bahari, na Kilindini inatafuta watu. Ami hakuongeza neno, ila aliomba hilo la mama na wadogo zake liandikwe pia.

Tulichoandika

Maandishi yaliyokubaliwa yanasema kwamba marehemu alizaliwa Unguja kati ya 1915 na 1919, mtoto wa mpiga makasia wa bandari ya Mjini. Kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia, na kwa dalili zilizopo alikuwa katika kazi za majini, na kwa muda fulani alikuwa Mombasa. Kwamba alipata Medali ya Vita ya 1939–1945. Kwamba mwishoni mwa 1945 alikuwa nyumbani, kwa likizo au moja kwa moja. Hili linatokana na tarehe ya kuzaliwa shangazi, na wakubwa walicheka nilipolieleza. Kwamba jina la chombo chake halijajulikana. Kwamba alikwenda wakati wa njaa ya mchele, akiwa anamlisha mama yake na wadogo zake.

Baba yake amepewa aya yake. Tarehe 20 Septemba 1914, kwa masimulizi ya mwanawe, alipiga kasia pamoja na wenzake kwenda kuwatoa majeruhi wa Pegasus. Neno "kwa masimulizi" lilizua ubishi, wengine wakiona linamshushia mzee hadhi. Limebaki.

Kuogelea hadi Chapwani kumewekwa mstari wa mwisho, peke yake, chini ya maneno "wajukuu walisimuliwa pia kwamba". Mwalimu alitaka kufuta kabisa. Nilimshauri asifute, kwa sababu kuna mabinamu Pemba na Muscat ambao bado wanaisimulia hivyo, na siku mmoja wao atakapolifungua daftari asione hadithi yake atadhani ndugu zake wa Unguja hawakuijua.

Kazi imebaki na mlango mmoja ambao si wa makaratasi. Yuko bibi mmoja Majengo, Mombasa, umri wake unakaribia miaka 90, na marehemu alikuwa akila kwa mama yake wakati wa vita. Alikuwa mtoto, lakini mtoto wa kutumwa, na mtoto wa kutumwa huona mengi. Mwalimu atampigia simu baada ya Idi. Nimemwomba asimtajie manowari, wala Mjerumani, wala Mjapani, asije akamtilia maneno mdomoni. Amuulize jambo moja kabla ya yote: siku ya mshahara, mgeni wao alikuwa akienda kuupokea wapi, kwenye ofisi ya wakala wa meli au kwenye geti la wanamaji Kilindini?